Nyumba Iliyorukwa

Mama alizaliwa katika mji mdogo wa mlimani kisiwani Ngazija, kwenye mteremko wa mlima wa moto wa Karthala. Akaolewa Unguja, na uzeeni nikamleta kukaa nami ughaibuni, mjini Hyattsville. Hapa hakuna mlima, kuna maegesho ya magari tu. Nikamwomba binamu yangu, binti wa dada yake mama, azunguke mji wao na simu, arekodi, mama auone. Mwezi wa saba mama alikuwa aende kumtembelea huyo dada, nduguye pekee aliyebaki. Sanduku lilikuwa wazi chumbani, khanga juu, dawa ya magoti chini.

Video ikafika Alhamisi, nikaiweka kwenye televisheni. Mama akageuka mtembeza watalii. Hilo bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambapo wanaume hukaa kusemana. Huo msikiti. Hayo mawe meusi yaliyomiminika mlima ulipotapika zama za bibi yake, yakasimama nyuma ya migomba.

"Mlima uliona haya," akasema, akacheka.

Likaja birika kubwa la maji ya mvua, kisha uwanja wa mpira.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Birika, uwanja wa mpira.

"Baada ya birika ni kwetu. Hufiki uwanjani bila kupita mlangoni kwa dada. Mbona nyumba wameiruka?"

Nikasema labda simu iliisha chaji. Alinitazama kama ninavyomtazama fundi gari anayenidanganya.

"Angekuwa hai angekuwa mlangoni, ananipungia. Dada amekufa," akasema.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Sterling, mji wa jirani, nikitaka anisaidie kumcheka. Hakucheka.

"Nani kawaambia? Tulishaplan kuja Saturday na wazee, watu wakiwa off. Wewe hatukukuambia kwa sababu uso wako hauna siri."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

Nikakaa sakafuni jikoni. Najua desturi yetu: aliye mbali hapewi msiba kwa simu, huletewa na watu, wamkalishe, wamshike. Lakini kila Ijumaa mama alimpigia binamu, kila Ijumaa binamu alisema, "Mama anakusalimia, amelala." Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kifo je? Nilimtukana kaka yangu matusi ambayo sikujua ninayo, na sijamwomba radhi.

Jumamosi kaka na wazee wakaja kweli, kanzu zimepigwa pasi, nyuso zimetengenezwa. Mzee aliyewaongoza akaanzia mbali, foleni ya barabarani, baridi ya mwaka huu, jinsi dunia isivyo na dhamana. Mama alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mzee wangu, najua," akasema. "Nina swali moja. Mimi na dada tuliahidiana, atakayebaki amwoshe mwenzake. Nani alimwosha?"

Mzee akajibu haraka.

"Watu wa mji, bi mkubwa. Alistiriwa vizuri."

"Nani?"

Mwezi mzima walikuwa wamepanga nani atasema, nani ataleta sambusa, nani atakaa karibu na mama akianguka. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Mama hakuanguka. Alinigeukia mimi, macho makavu.

"Mpigie binamu yako," akasema. "Na leo asiniambie mama yake amelala."