Jina Lililolazwa Jenezani

Kwa miaka tisa nimekaa meza moja na Rujira hapa Khon Kaen, Thailand. Kazi yetu ni kuipa kompyuta vinasaba vya saratani ya mirija ya nyongo, kisha kuiuliza ni dawa ipi ya zamani, ya ugonjwa mwingine kabisa, inayoweza kuizima. Kila asubuhi Rujira huiwekea mashine chupa ya soda nyekundu, na mrija juu yake, mizimu isikasirike. Nilikuwa namcheka. Mwaka huu nilinyamaza, maana mdogo wake Detcha, asiyesikia la mtu, mla samaki wabichi wa mtoni wenye minyoo iletayo saratani hiyo, alilazwa na ugonjwa huohuo, na madaktari walikuwa wameishiwa na dawa.

Kompyuta ikachagua dawa ya fangasi wa kucha. Tukarudia mara tatu, ikaja ileile. Tatizo ni kwamba mgonjwa pekee wa saratani hii aliyewahi kuimeza, mama mmoja aitwaye Bunma, faili lake lilisema amefariki. Kikao cha Ijumaa, kinachoamua dawa zipi wapewe wagonjwa, kingeifuta tu.

Kisha Rujira akanionyesha kitu cha ajabu. Damu ya mwanamke mwingine, Nattarika, iliyotolewa mwaka huu, ilikuwa na vinasaba vya Bunma bila tofauti yoyote.

"Pacha?" niliuliza.

"Bunma hakuwa na pacha. Soma mwenyewe."

Tukampigia Nattarika.

"Bunma amekufa," alisema taratibu. "Nilikuwepo. Njooni niwaonyeshe alipolala."

Alitupeleka hekaluni, akatuonyesha jeneza tupu. Akatusimulia, na hapo ndipo tukaelewa. Ugonjwa ulipomzidi Bunma, mtawa wa Kibudha alimlaza humo, akamsomea sala za maiti, akamwinua na jina jipya, Nattarika, ili mauti yakija kumtafuta Bunma yasimkute. Nduguze wakaiambia hospitali kwamba Bunma kafa. Hawakuona kama wanadanganya.

"Mama, miaka sita sasa huna hata uvimbe," Rujira alisema. "Tia sahihi kwamba Bunma ni wewe, dawa isifutwe. Mdogo wangu hana nyingine."

"Nikiandika jina lake, mwanangu, nitakuwa nimemwita arudi, na mauti nyuma yake."

Rujira akapiga magoti, akaunganisha viganja. Mimi niliona haya, na niliogopa pia. Nilitaka tuondoke.

"Ana watoto huyo mdogo wako?"

"Wawili."

Mama akashika kalamu. Aliandika Bunma polepole, akautazama mkono wake kwa muda mrefu, kisha akaomba maji.

Dawa ilipita. Detcha sasa anakula wali wa kunata na kulalamikia chumvi, na samaki wabichi tumempiga marufuku. Juzi Rujira akasema lazima tumshukuru yule mama. Akapiga simu, akaweka sauti juu ili nami nisikie.

Ilipokelewa haraka. Sauti ilikuwa ileile.

"Nattarika amekufa," ilisema taratibu. "Nilikuwepo."