Mtambo Wangu wa Kuamia Ndege

Wenzangu mliokulia Usukumani enzi za mkoloni, nyinyi hamhitaji kuelezwa kuamia ndege ni kazi gani. Mtama ukianza kushika punje, tuliamshwa alfajiri, tukapewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani, na mpaka jua linazama tulikuwa juu ya dungu tukipiga kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Kweleakwelea wakishuka kundi zima, unarusha mpaka bega linakufa ganzi. Watoto wa leo ukiwatuma dukani tu wanauliza nauli ya bodaboda.

Kwetu, upande wa Kahama, dungu lilikuwa langu na ng'ombe walikuwa wa kaka yangu Masanja. Mimi nilitaka shule. Nililia, nikasusa ugali, hadi Baba akachoka. "Kabula, utakwenda shule siku utakapopata mtu wa kuamia badala yako." Mtu pekee asiyekuwa na kazi alikuwa Bibi, naye mkono wake haukuweza kurusha hata kokwa.

Basi nikaamua kumtengenezea Bibi mkono mwingine. Baba alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kipande cha mtaimbo. Nilichimbia panda mbili za miti, nikalaza chuma kile juu yake, nikafungia hapo mti mrefu uweze kupanda na kushuka. Upande mfupi nilifunga mawe, upande mrefu nikaning'iniza kombeo. Donge la kwanza lilinirudia utosini, na Mayu, mama yangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Sikuacha. Mawe niliyoyakaza kwenye mti yalitikisa panda mpaka zikalegea. Nilipoyatia kwenye kapu linaloning'inia, kapu lilishuka wima na mti ukaruka kwa nguvu zaidi. Nikaona pia kwamba mawe yakikaa karibu na chuma, yakishuka kidogo tu, ncha ya mbali inazunguka kwa kasi ajabu. Kilichonitesa ni kijiti cha nchani kilichoshika kitanzi cha kombeo. Kikinyooka mno, kitanzi kinachopoka mapema na donge linakwenda juu au nyuma. Kikipinda mno, linachelewa na kupiga chini mbele ya miguu yako. Nilichonga vijiti mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Siku kilipokubali, Bibi alining'inia kwenye ule mti mpaka ukashuka, maana kwa urefu wake haukuhitaji nguvu nyingi. Nikauzuia kwa kigingi chenye kamba, akavuta kamba. Donge lilipasukia katikati ya kundi, ndege wakainuka kama moshi. Bibi akapiga vigelegele na kudai donge jingine. Mimi nilikuwa nimeshajiona darasani.

Baba alikuja kutazama. Aliuzunguka mtambo, akavuta kamba mwenyewe, akacheka kwa furaha. "Ng'wana wane, mwanangu, una akili sana wewe! Basi mwaka huu tunalima na bonde lote. Utaamia kote kuwili."

Mayu akasema, "Baba Masanja, ulimwahidi mtoto shule."

"Shule? Itamfundisha nini zaidi ya hapa?"

Aliyekwenda shule ni Masanja. Ng'ombe walitafutiwa mchungaji, tena upesi. Ndege wangu hawakutafutiwa mtu. Nimezeeka, Baba nimemzika na kumlilia, lakini hasira ile sijaimeza wala sina nia ya kuimeza. Ningekuwa mjinga ningesamehewa, nikaachwa niende. Niliadhibiwa kwa kufaulu!

Juzi mjukuu wangu Limi alirudi na kazi ya shule: mtambo kama wangu, mdogo, wa plastiki, umenunuliwa dukani ukiwa tayari kuunganishwa. Kijiwe chake kilikuwa kinaruka nyuma. Nilikipinda kidogo kile kijiti cha nchani, kijiwe kikavuka meza na kugonga sufuria jikoni. Badala ya kuuliza kwa nini, akapiga miayo. "Bibi, nimechoka. Kesho siendi shule."

Sisi tuliililia shule mpaka sauti zikakauka. Hawa wanabembelezwa kwa chai ya maziwa na sare iliyopigwa pasi. Laiti mtambo wangu wa zamani ungekuwapo, ningempakia kwenye kombeo na kumrusha mpaka mlangoni pa darasa, na hapo angekuwa amefika mahali ambapo mimi sikufika.