Nepali Tuliyoijenga kwa Udongo

Enzi zetu jiografia ilifundishwa kwa jembe. Mwalimu Koech, aliyetufundisha darasa la sita kule Nandi, Kenya, hakuwa na ramani ya Nepali, kwa hiyo alitutoa nje tukaijenga nyuma ya darasa. Kusini tukasawazisha tambarare, katikati tukapanga vilima na kuvikata matuta ya mpunga, kaskazini tukarundika Himalaya na kuinyunyizia majivu yawe theluji. Kisha sisi wenyewe tukawa idadi ya watu. Wengi tulisongamana tambarare na vilimani, tukikanyagana vidole, tukinuka moshi na mafuta ya kujipaka. Tito peke yake ndiye aliyepelekwa mlimani, kwa sababu huko watu ni wachache. Himalaya ikabomoka naye. Mwalimu hakucheka.

"Huo ni mmomonyoko," alisema. "Andikeni."

Halafu ukaja uchumi. Mashamba ya huko ni madogo, alisema, basi vijana wengi huenda kufanya kazi nchi za nje na kutuma fedha nyumbani. Jioni nilimsimulia Mama akisonga ugali. Akatikisa kichwa.

"Maskini, watoto wa watu! Na ng'ombe wanakamuliwa na nani?"

Tukawahurumia Wanepali mpaka ugali ukaiva.

Leo ninaishi Laurel, Maryland, huku Marekani, ninaogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, na ng'ombe wetu sijui wanakamuliwa na nani. Zamu nafanya na Sarita, Mnepali wa vilimani. Siku tuliyofahamiana nilimweleza nchi yake yote, kuanzia tambarare hadi theluji. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema yeye alifundishwa kwamba Kenya ina chai na simba.

"Simba sijawahi kumwona," nikamwambia.

"Na mimi theluji nimeikanyaga mara ya kwanza hapa Maryland," akajibu.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu kunywa chai. Siku zote Sarita husema akistaafu atarudi kulima mpunga kwenye matuta ya baba yake, ingawa wazazi walishahamia mjini kwa kaka yake. Binti yangu Cheruto, aliyezaliwa hapa, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimwuliza jina la kijiji, akagusagusa simu, akampa. Kijiji kizima kilikuwa humo, kimepigwa picha kutoka angani.

Sarita akaisogeza simu karibu na macho.

"Hayo ndiyo matuta?" nikamwuliza.

"Yalikuwa."

Vichaka vilikuwa vimeyameza. Akaanza kuonyesha nyumba kwa kidole. "Huyu yuko Dubai. Huyu Malesia. Hawa wote wako Korea." Kidole kikafika kwao. Paa lilikuwa limeangukia ndani. Akairudisha simu na kumshukuru mtoto, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, kisha akageuka dirishani akafuta macho kwa ncha ya shali.

Watoto wa siku hizi wanaiona dunia nzima bila kuchafua kucha. Nepali yetu ilisombwa na mvua ya kwanza na hakuna aliyelia, maana udongo ulikuwepo na sisi sote tulikuwepo.

"Na kwenu, Mama?" Cheruto akauliza kwa Kiingereza chake, simu tayari mkononi. "Tuangalie?"

Nikamwambia chai inapoa.