Upande wa Pili wa Shuka

Wifi yangu ana wivu, na hapa simsengenyi, maana hata ukimuuliza mwenyewe atakuambia. Kaka yangu alipomwoa alidhani atakayeonewa wivu ni yeye. Maskini! Anaweza kusimama mlangoni akipiga soga na jirani wa kike mpaka chai ipoe, na Wifi asigeuze hata shingo. Wivu wake wote ameuweka kwa mtu mmoja tu, mwanamke aliyekuwa akikunja naye mashuka kazini.

Mimi na Wifi tunafanya kazi kwa dobi mmoja mkubwa, anayefua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mimi napiga pasi mashati kwenye meza ya dirishani. Wao walisimama katikati ya chumba, kwa sababu shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnalivuta linyooke, kisha mnasogeleana mpaka vidole vikutane. Ukikunja na mtu msiyeelewana naye, shuka linakwenda upande na meneja analirudisha. Ya kwao hayakuwa yakirudishwa.

Huyo mwenzake tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kupumzika. Mungu alimpa kila kitu akamnyima dh na th. Dharura kwake ni zarura, tafadhali ni tafazali. Siku moja alimwambia mteja kwamba shuka lake ni la samani kubwa, akimaanisha thamani, na mteja akawa analigeuza huku na huku akitafuta kiti. Wifi alikisimulia kisa hicho mpaka wafuaji wapya walikisikia kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Tulicheka mbavu zikauma, na Chiriku naye alicheka.

Walikuwa na mchezo wao. Vidole vikikutana kwenye shuka, mmoja humrushia mwenzake neno gumu. Ukiteleza, unaimba wimbo mpya. Chiriku aliteleza kila mara na kuimba kila mara, na nyimbo zenyewe alifundishwa na Wifi, aliyezidaka kwenye redio ya jikoni huku kaka yangu akiuliza chakula mara ya tatu.

Halafu mambo yakaingia mdudu. Aliletwa msichana mpya, mpole, mwenye simu iliyojaa nyimbo ambazo redio ilikuwa bado haijazipata. Sisi sote tulijifunza jina lake siku hiyo hiyo. Wifi mpaka leo anamwita Mgeni.

Asubuhi moja Wifi alikuja kazini mbiombio, hata kanga ya kichwani imekaa upande, amebeba wimbo mpya kichwani kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwenzangu, umeusikia ule wa kijana anayeimba kama ana mafua?" alimuuliza Chiriku.

"Ule? Aa, nimeshausikia kwa huyu mdogo wetu. Mbona ubeti wa pili ndio mtamu zaidi!"

Wifi hakuwa na habari kwamba kuna ubeti wa pili. Uso ulimshuka. Mchana aliwakuta wawili hao kwenye benchi, wamegawana waya za simu, huyu sikio hili na yule lile, wanatikisa vichwa kwa pamoja. Alipita mbele yao mara mbili akijitia anatafuta ndoo. Ndoo alikuwa ameishika.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Alisonya vyombo, akamsonya kaka yangu, akaisonya redio.

"Wifi, yule Mgeni ana nini ambacho mimi sina?" aliniuliza.

"Simu," nikamjibu. Sikusemeshwa mpaka kesho yake.

Wiki hiyo Chiriku alianza kutoweka saa za mapumziko, na Mgeni vilevile. Mtu mwenye akili zake angekula chakula chake akanyamaza. Wifi aliweka bakuli chini, akanishika mkono, tukaenda uani kwenye kamba za kuanikia. Nyuma ya mashuka yaliyoning'inia tuliona miguu yao minne, viatu vinatazamana.

"Utokeze ulimi kidogo katikati ya meno," Mgeni alikuwa akisema. "Tena."

"Tafa... tafadha... Jamani, ulimi huu!"

"Umekaribia. Tena."

Wifi alilivuta lile shuka likaanguka chini, safi kama lilivyokuwa.

"Kumbe ndipo mnapojificha!"

Chiriku aliliokota kwanza, akalikung'uta, ndipo akamtazama. Alieleza kwamba dada wa mapokezi anaacha kazi, na meneja amesema yeyote anayeweza kuzungumza vizuri na wateja kwenye simu ajaribu. Alikuwa akiitaka sana nafasi hiyo. Mgongo wake ulikuwa umechoka na mashuka.

"Na mimi hukuniambia? Miaka yote hii, unamwambia mtu wa jana?"

"Ungecheka."

"Lini nimekucheka mimi?"

"Samani," alisema Chiriku.

Niliona aibu, maana kicheko changu nacho kilikuwamo.

"Basi kaa na lafiki yako!" Wifi alipiga kelele. "Kaa naye huyo lafiki yako!"

Wifi akipandwa na hasira, r zote humkimbia. Sote tunalijua hilo, naye analijua. Alisimama pale akiwa ameshajisikia, akingoja. Mgeni alitazama chini. Chiriku alikunja lile shuka peke yake, vibaya, wala hakutabasamu. Ndipo nikakumbuka kwamba hajawahi kumcheka Wifi hata siku moja.

Nafasi ya mapokezi aliipata. Sasa Wifi anakunja na Mgeni, na mashuka yanarudishwa. Wanavutana kama wanagombania, huyu ana haraka, yule anasubiri, na pembe hazikutani. Neno gumu halirushwi. Kila Chiriku akipita mlangoni na blauzi yake ya kola, Wifi anakuwa na shughuli nyingi.

Juzi Mgeni alikwenda kuleta mzigo. Chumbani kwetu kuna simu ya kuulizia mapokezi. Wifi alinitazama kuhakikisha nimeinamia shati, akainyanyua. Ile simu inapaza sauti, nikasikia kila kitu.

"Karibu, nikusaidie nini tafadhali?"

Neno lilitoka limenyooka. Wifi alifumba macho kama aliyekanyaga mwiba.

"Haloo? Haloo?" Kisha sauti ikashuka. "Ni wewe. Nakujua unavyohema."

"Sema dharura," Wifi akamwambia.

"Zarura," Chiriku akajibu, taratibu, makusudi kabisa.

"Umeteleza. Imba."

Chiriku aliimba kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye wateja karibu. Ulikuwa wimbo mpya kabisa ambao redio yetu ya jikoni haijaupiga, na wote wawili tulijua ameupata kwa nani. Wifi aliusikiliza mpaka mwisho.

Mgeni aliporudi na mzigo, Wifi alichomoa shuka la juu, akashika pembe zake mbili na kumtupia zile nyingine.

"Ule wimbo uliompa," alisema bila kumtazama. "Na mimi nifundishe."