Makoloneli Kwenye Daftari Langu

Harufu ya kitambaa cha kaki kilichopigwa pasi ya makaa hunirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi cherehani. Kule kwetu Uvira, Kongo, alishona vyeo vya mabegani kwa kila jeshi lililoingia mjini, na mvua ilipowazuia wateja alinifundisha historia ya cheo cha koloneli, nami nikachora alama zake kwenye daftari. Neno lenyewe, alisema, lilitoka Italia, kwa mkuu wa safu ya askari. Wafaransa wakampa mistari mitano, Waingereza taji na nyota mbili, Wabelgiji mstari mmoja na nyota tatu, wakakileta cheo hicho kwetu Kongo. Na waasi? Hao walijipa wenyewe. Mtu alikuja asubuhi kapteni, jioni akarudi koloneli. Tulicheka mpaka Mama akatukemea.

Kisha tukaitwa Lilongwe, wazazi, mimi na mdogo wangu, kwa mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Kambini kila mtu alijua kwamba aliyewahi kuwa askari, faili lake hukwama.  Nami, kwa ujinga wangu, nilibeba daftari lile. Afisa aliyetuhoji, mwanamke mpole, aliliona mapajani mwangu, akalifungua, akauliza kupitia mkalimani nani alinifundisha. Nikajibu kwa maringo kwamba ni Baba, na kwamba hakuna koloneli ambaye yeye hamjui. Mama alinifinya paja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Afisa akamgeukia Baba, akamuuliza alitumikia jeshi gani. Niliona jasho likimshuka shingoni.

“Mi niko fundi, madame,” Baba alisema. “Askari anajua jeshi yake moja. Mi najua ya bote, sababu bote balipita kwa mashine yangu.”

Afisa aliandika kurasa mbili bila kuinua uso. Pale mtaa wa Old Town, tukingoja gari la kurudi, Baba alitununulia mandasi, maandazi ya huku, lake akampa mdogo wangu.

Sasa nina watoto wawili, na kila tukiuliza tunaambiwa faili bado linachunguzwa. Tuliokaa nao foleni siku ile wako Kanada. Macho ya Baba yamefifia, mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Miaka yote hii nimesubiri anigombeze, walau mara moja, nipumue. Lakini jirani akiuliza kwa nini hatukuondoka, Baba humwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyejibu vibaya.