Shikamoo ya Pasaka

Harufu ya rangi mbichi hunichefua mpaka leo. Fundi akipaka ukuta hata nyumba ya tatu, akili yangu humrudia baba mdogo Mabula na nyumba yake ya milimani kule Geita, zambarau kwa nje, machungwa kwa ndani, utadhani mwenyewe aligombana na macho ya watu.

Nilikuwa na miaka kumi. Likizo ya Pasaka, masika yamekolea, baba na mama walinichukua tukatoka Shinyanga kwa basi, kisha tukapanda mlima kwa miguu kwa kuwa magari ya abiria yaliishia bondeni. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mabula, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake la uchimbaji, lilikuwa limetema dhahabu mwaka ule. Alikuwa amemchukua bibi, mama yao, eti akale raha.

Raha yenyewe niliiona. Makochi yalikuwa bado na nailoni za dukani. Ukikaa yananata mapajani, ukiinuka yanalia. Friji kubwa lilisimama sebuleni. Umeme haukuwepo, kwa hiyo ndani yake alipanga viatu. Mwenyewe alivaa miwani ya jua humo humo ndani, akawa anajigonga kwenye meza. Sijaona tena utajiri uliomwangukia mjinga kiasi kile.

Bibi hakuwa sebuleni. Tulimkuta stoo ya nyuma, kitanda chake kimebanwa na mifuko ya saruji, hatua chache kutoka kwenye karasha la kusagia mawe. Vumbi lilikuwa limemkaa mpaka kwenye kope. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Ng'wanone," mwanangu, halafu kikohozi kikamkatiza.

"Mama hapendi nyumba za kisasa," Mabula alisema.

Baba aliomba aondoke na bibi. Mabula akakataa: watu wangesema ameshindwa kumtunza mama yake. Siku ya Pasaka, wakati wa chakula, mbele ya wachimbaji na majirani, baba aliomba tena. Mabula akajifuta mafuta ya mbuzi kidevuni, akaegemea kiti.

"Niamkie kwanza, kaka."

Nilidhani anatania. Tangu lini mkubwa akampa mdogo wake shikamoo?

"Shikamoo," baba akasema.

"Shikamoo nani?"

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba! Haya, mchukue."

Wakacheka wote, wakagonga meza. Mama aliinamia sahani yake. Mimi nilimtazama baba, nikamwona si kitu.

Hatukumaliza hata kula. Alimbeba bibi mgongoni, tukaanza kuteremka kwenye tope. Alivua viatu asiteleze, akanipa nimbebee. Nilivishika kwa ncha za vidole, mbali na gauni langu, kama panya waliokufa. Aliteleza mara mbili. Sikumpa mkono.

Nilimdharau kwa miaka miwili. Kila asubuhi nilimwamkia huku nikitazama pembeni, naye aliitikia kana kwamba haoni. Bibi huku nyuma alipona kikohozi, akanenepa, akaanza kutuamrisha wote.

Alasiri moja tulikuwa uani, sote wanne, tukimenya viazi vitamu vya kukausha michembe. Bibi akasema, "Mabula wangu ana moyo mzuri. Angeweza kunizuia nisije huku, lakini hakunizuia."

Nilifungua mdomo nimweleze. Baba akaniwahi.

"Kweli kabisa, mama. Nilimwomba mara moja tu, akakubali."

Hakuinua hata uso. Alichukua kiazi kingine, akaendelea kumenya taratibu, na bibi akatabasamu kwa fahari ya mzazi mwenye watoto wawili wema.

Baba mdogo Mabula namdharau hadi leo, wala sijutii. Kinachoniuma ni ile miaka miwili. Niliyoiona fedheha ilikuwa nguvu, nami sikuwahi kumwambia baba kwamba hatimaye nilielewa.