Nilisema Wimbo Haushuki

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni baba wa miaka arobaini na sita, naishi Uthiru, na kanisani wananiita Mwalimu kwa sababu ya kinanda. Jina hilo ndilo lililoniponza.

Mke wangu nitamwita Mwende. Nilimpenda akiimba, kabla hatujaoana, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, tamu ajabu. Nyimbo nyingi zilikuwa juu kwake, nami nilikuwa nazishusha. Kusema kweli si mimi, ni kitufe. Kinanda cha kanisa kilikuwa na kitufe cha kushusha na kupandisha key, yaani kimo cha wimbo, na vidole vyangu vilijua kupiga mahali pamoja tu. Nabonyeza, wimbo unashuka, watu wanasema Mwalimu ni moto. Sikumwambia mtu, hata Mwende.

Siku moja prodyuza mmoja wa Hurlingham alimsikia, akamwita Mwende arekodi wimbo wake mwenyewe, mimi nimpigie. Kufika studio nikaonyeshwa piano ya mbao, haina kitufe chochote. Jasho lilinitoka hata kabla sijaketi. Nikapiga pale pale nilipopazoea, wimbo ukatoka juu sana. Mwende akajikaza, sauti ikapasuka. Tukarudia mara tano.

Prodyuza akauliza, "Boss, si ushushe key kidogo? Hapo ni juu kwake."

Nikajibu bila kupepesa macho, "Hii wimbo haishuki. Ukiishusha inakufa. Ni sauti yake haifiki."

Mwende aliniangalia, akaniamini. Tukitembea barabara ya Argwings Kodhek akasema polepole, "Kumbe kanisani nilikuwa nabebwa tu na watu." Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nilimnunulia soda.

Hajaimba peke yake tena. Na kinachonila zaidi ni hiki: aibu ilinifanya nijifunze kwa siri, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa naupiga wimbo ule kwa key yoyote unayotaka. Sikumwambia, maana angeuliza mbona haukushuka siku ile. Nikamwoa hivyo hivyo. Ni mke mwema, ananiheshimu, na heshima hiyo siistahili hata kidogo.

Juzi binti yetu wa miaka kumi na nne alichaguliwa kuimba solo, peke yake. Sauti ni ya mama yake kabisa. Nikamsikia Mwende jikoni akimwambia, "Wachana na hiyo solo, mami. Sisi kwetu sauti haifiki, utaaibika bure. Muulize baba yako, yeye ndiye anajua muziki."

Mtoto akaja akaniuliza, "Dad, ni ukweli?" Nikamwambia angoje nifikirie, na nikaona machozi yakimlenga.

Nikimwambia mtoto anaweza, mamake atataka kujua yeye alishindwaje. Nyinyi mlioolewa, mngetaka kuambiwa jambo kama hili baada ya miaka yote hii? Nielekezeni nianzie wapi, kwa sababu mazoezi ni kesho na bado anangoja jibu langu.